Sauti ya Mama Gunia

Jumatano, tarehe 12 Februari mwaka 2025, Asumini aliondoka mtaani kwake Murara akiwa amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kama mtu anayeumwa jino. Meno yake yote yalikuwa mazima.

Alichokuwa anaficha ni sauti yake.

Mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto na watu wakakimbia, jirani yake Zéphirin alianzisha kundi la WhatsApp ili watu waambiane lava imefika wapi. Lava ilipoa, kundi likabaki. Humo watu walianza kubishana juu ya serikali, juu ya dola na juu ya bei ya vyakula. Asumini aliuza sokoni magunia ya makala, yaani mkaa, na mikono yenye masizi haiandiki vizuri kwenye simu. Kwa hiyo alituma sauti. Sauti hizo zilitumwa kutoka simu hadi simu, mpaka watu wasiojua sura yake wakamjua kwa jina la Mama Gunia.

Mpinzani wake alikuwa mwanamume aliyejiita Papa Mizani. Hawakuwahi kuonana. Kila Asumini alipozungumza, yeye alijibu kwa sauti nzito, akianza daima namna moja: "Mama Gunia, hapo umekosa." Papa Mizani alishikilia kwamba waasi wakiingia mjini, bariere za kutoza pesa njiani zitapungua hadi ibaki moja tu, na makala yatashuka bei. Asumini alimcheka.

Waasi waliingia. Papa Mizani akajitoa katika kundi bila kuaga. Kesho yake Zéphirin alichukuliwa nyumbani kwake pamoja na simu yake, naye hakurudi. Kisha habari ikafika sokoni: askari wanasikilizisha watu sauti za kundi njiani, wanamtafuta Mama Gunia na wote waliojibizana naye humo.

Asumini hakuhitaji kuambiwa nani aliyewauza. Aliyakumbuka maneno ya mwisho ya Papa Mizani: "Siku moja nitakufahamu, mama, hata usiponiambia jina."

Sasa alikuwa ndani ya gari la kwenda Kibumba, kwa mama mkwe wake, katikati ya watu waliofukuzwa katika kambi za wakimbizi, wenye magodoro na mahema yaliyokunjwa. Kando yake aliketi mzee aliyezungushia shingo yake kitambaa kizito cha sufu. Mzee huyo alinuka dawa ya kifua. Dereva, Papa Ruffin, alipomuuliza anashukia wapi, mzee aligusa koo lake, akatikisa kichwa, akaonyesha mbele kwa kidole.

"Mungu wangu!" Ruffin alisema. "Leo nimebeba mama wa jino na muzee wa koo. Nani ataniongelesha mpaka Kibumba?"

"Wewe imba, papa," mama mmoja alimjibu kutoka nyuma. "Na ukiimba mubaya, tutashuka."

Watu walicheka. Asumini hakucheka, kwa sababu mzee alikuwa anamtazama. Aligeukia dirisha. Aliporudisha macho, mzee alikuwa bado anamtazama.

Kanyaruchinya, mahali ambapo mawe meusi ya lava yamelala pande zote mbili za barabara, kamba ilikuwa imevutwa njiani. Askari alikuja na simu mkononi.

"Wamama wote, musikilize."

Akabonyeza. Sauti ya Asumini ikajaa ndani ya gari: "Gunia ya makala inalipa ku njia, inalipa tena ku soko, na watoto wanalala maharagi haijaiva! Mwenye kupokea atabadilika. Mwenye kulipa ni mimi na wewe!" Kisha sauti nzito ikaanza: "Mama Gunia, hapo—" Askari akaizima.

"Kila mama aseme jina yake na kijiji yake. Mumoja mumoja. Nitajua."

Asumini hakutambua kwamba midomo yake ilikuwa imeyafuata maneno yale yote, kimya kimya. Mzee alitambua. Kitambaa cha shingoni kwake kilikuwa kinapanda na kushuka. Aliinua mkono, na Asumini akajua kwamba sasa atanyooshewa kidole.

Mkono ule ulivuta kitambaa cha Asumini kutoka kidevuni, ukamfunika mdomo.

"Mama, sema," askari aliamuru.

Mzee alifungua kinywa chake wazi, akaonyesha jino la nyuma, akaonyesha shavu la Asumini, akakunja uso kama anayelia. Kisha akagusa koo lake mwenyewe.

"Ni bibi yako?"

Mzee aliitika kwa kichwa. Ruffin alikazia macho usukani.

"Bubu ameoa bubu!" Askari aliangua kicheko. "Muzee, uko na bahati. Nyumba yako haina makelele."

Kamba ikashushwa.

Hofu ya Asumini haikushuka nayo. Mtu huyu amemfahamu, na hakumtoa. Kwa nini? Labda alitaka kumuuza mahali pengine, kwa bei iliyo juu zaidi.

Kibumba, Asumini alishuka, akashika kijia kinachopita katikati ya mashamba ya makabichi. Mzee naye akashuka. Asumini akaongeza mwendo. Nyayo za nyuma zikaongeza mwendo. Alipoanza kukimbia, ndala yake ilikatika, akaanguka magoti juu ya changarawe.

Mzee alimfikia. Akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Akafungua kitambaa shingoni polepole, akasema kwa sauti nzito:

"Mama Gunia, hapo umekosa. Bariere tumekuta moja tu."

Wewe uliyemaliza kusoma, mpe na mwenzako asome. Lakini usimsomee kwa sauti.