Mashimo ya Mlima wa Chokaa

Leocadia alitia kidole ndani ya shimo. Udongo ulikuwa bado na unyevu, na mzizi mwembamba kama uzi ukamnata kwenye ukucha.

Mlima mzima ulikuwa mashimo. Hapa ndipo, mwaka uliopita, alipoyakuta madungusi adimu, mimea midogo ya miiba iliyojibanza ardhini kama mawe; sasa yameng'olewa.

"Si wewe uliyesema tunagawana na dunia nzima, komadre?" aliuliza mama mfuga mbuzi. Waliitana komadre tangu Leocadia alipokuwa mama wa ubatizo wa bintiye. "Haya, dunia imekuja. Imekuja na sururu."

Kweli alisema. Tovuti ya kimataifa alikoweka picha za madungusi hayo ilimshauri apafiche mahali penyewe, kwa kuwa mmea ni adimu. Yeye akapaacha wazi kwenye ramani, maana wiki hiyo hiyo alikuwa amesimama mkutanoni akiwasuta watafiti wa kigeni wanaofungia maarifa makabatini. Walimpigia makofi mpaka akaona haya.

"Nilidhani watasoma tu," alisema.

"Wamesoma, komadre. Tena wamesoma wakaelewa."

Leocadia akafuta kidole kwenye suruali. Mzizi haukutoka.

"Niambie kweli, komadre. Hakuna hata moja lililobaki?"

Uso wa mwenzake ukalegea. "Yapo. Ng'ambo ya bonde, yamechanua."

Bila kufikiri, mkono wa Leocadia ukaingia mfukoni, ukatoka na simu, kamera ikiwa imeshafunguliwa.

Komadre akautazama mkono ule. Kisha akawapigia mbuzi mluzi, akashika njia ya kurudi nyumbani, si ile ya bondeni.