Ufukweni na Baba Mkwe

Mtoto wa Tumpe alipoteleza majini, pale mto unapoingia ziwani Matema, aliyekuwa karibu ni baba mkwe tu.

Tangu aolewe, Tumpe hajawahi kutazamana na mzee huyo. Mila ya Kinyakyusa inakataza. Hata hapo ufukweni alikuwa amekaa akimpa mgongo.

Yowe la Tumpe ndilo lililomwinua mzee. Akajitosa na koti lake la kanisani, akaibuka na mtoto anayekohoa na kulia kwa hasira. Mzima kabisa!

Tumpe alikimbia, kisha akasimama ghafla, akajifunika uso kwa kanga.

“Njoo umpokee, mwanangu,” mzee alisema. “Ananiponyoka.”

Tumpe akaishusha kanga, akainua macho.

Kumbe mzee, ndevu zikichuruzika maji, alikuwa ameyafumba ya kwake kwa nguvu zote.