Kiwiko cha Namba Tisa

Kichwa cha sanamu ya mpira kilidondoka kutoka juu ya mnara, kikagonga bamba la chuma. Razia alifumba macho. Clementina hakupepesa.

"Hivyo ndivyo binti yake alivyompiga mwanangu?" aliuliza, akimwonyesha Razia kwa kidole.

"Karibu hivyo," alisema Moez, mtafiti wa maabara ile ya majeraha ya kichwa. "Ila si pigo tu, mama. Kichwa kikigeuka au kikisimama ghafla, ndani hakusimami. Simamisha bakuli la uji, uji unaendelea. Ubongo nao ni vivyo hivyo."

Ilikuwa wiki ya tano tangu mechi. Gift, miaka kumi na minne, aliruka kuupiga kwa kichwa mpira wa kona, na Naqiya, namba tisa wa timu ya Markham, akamgonga kwa kiwiko. Gift aliinuka, akacheka, akamaliza mechi. Jumatatu daktari alisema mtikisiko wa ubongo, siku kumi utakwisha. Haukwisha. Shule hakwenda. Alishinda chumbani kwao, mtaa wa Mount Dennis, mapazia yamefungwa, akisahau majina ya shangazi zake. Leo alikaa kwenye kona ya maabara na miwani ya jua, ingawa nje kulikuwa na theluji.

Ijumaa chama cha ligi kingeamua kama Naqiya afungiwe. Clementina alitaka karatasi yenye namba za nguvu ya pigo lile.

"Dada Clementina," Razia alisema kwa sauti ya chini, "mwanangu hali chakula. Kila siku anamwombea Gift dua."

"Dua aombe. Mpira asicheze."

Clementina hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na Urbanus. Huyo alikuwa kaka yake, aliyeanguka ngazini huko Moshi walipokuwa wadogo, akagonga kisogo, akasema ana usingizi. Mama yao alimtandikia kitanda. Urbanus alikoroma hadi alfajiri, kisha akanyamaza. Miaka thelathini baadaye Clementina alikuwa bado anamsikia akikoroma nyuma ya ukuta, hasa siku ambazo theluji imenyamazisha barabara.

Jumamosi ya mechi, Gift alipojitupa kitandani baada ya chakula cha mchana, mkoromo ule ulianza tena. Clementina alivuta kiti. Hakutoka chumbani mpaka giza lilipoingia. Kosa la mama yake hakulirudia, na Gift alikuwa hai.

Moez alifungua kompyuta. Kila mchezaji wa timu ya Gift alibandikwa nyuma ya sikio kifaa kidogo cha kurekodi kila kichwa kinapotikisika, kwa ajili ya utafiti. Cha Gift kilisahaulika hapo mpaka Jumapili, Clementina alipomfumua nywele.

"Kiwiko hiki hapa. Saa nne na dakika kumi asubuhi." Moez alikuna kidevu. "Ni kidogo. Kingekuwa peke yake, ningetegemea apone."

Razia alishusha pumzi.

"Kidogo?" Clementina alisema. "Mtazame yule, halafu uniambie kidogo!"

"Namtazama, mama. Lakini kuna mengine baada ya hapo. Arobaini na moja."

"Alipigwa mara arobaini na moja?"

"Hakupigwa. Angalia mstari huu. Kichwa kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, mbele, nyuma. Kila moja peke yake si kitu, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia, haukupewa nafasi ya kutulia." Aliwageukia. "Kuna mtu alikuwa akimtikisa."

Clementina alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Razia naye alisimama, akamshika mkono.

"Nani?" Clementina alisema. "Razia, nisamehe, nilimsingizia mwanao. Moez, andika jina la huyo mtu. Ligi iache, huyu ni wa polisi."

"Kifaa hakijui majina, mama. Kinajua saa tu. Ni Jumamosi hiyo hiyo, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni."

Gift alivua miwani, akakunja uso kwa mwanga.

"Hakuna mtu aliyenifanya kitu," alisema. "Nilikuwa kitandani. Kila nikisinzia, Mama ananishika mabega."