Kabureta Kutoka Tabora

Land Rover ilizimika tena palepale, hatua chache tu kabla ya msalaba wa Cletus.

Fundi Telesphor aliruka chini kutoka juu ya madigadi, alikokuwa amekaa tangu mwanzo wa mteremko. Boneti walikuwa wameiacha kule Kawajense makusudi, ili aione injini ikifanya kazi. Na aliiona. Ilikuwa ikiunguruma vizuri, honi ikalia mara moja, halafu kimya.

"Umesikia, fundi?" aliuliza Hilari, dereva. Mikono yake ilikuwa bado imeung'ang'ania usukani.

"Nimesikia. Imekatika ghafla, haikukohoa hata kidogo. Hiyo si kabureta."

Gari lilikuwa la mfanyabiashara Kasimiri, la kubebea mpunga kutoka Mamba kwenda Mpanda. Baada ya ajali alilipeleka Tabora, likarudi na kabureta ya gari jingine na honi kubwa ya lori, lakini bila kioo cha mbele, kwa sababu kilikosekana. Kokote kwingine lilipanda milima bila kunung'unika. Hapo kwenye msalaba tu, kila safari, lilizimika. Mafundi wawili walishailaumu kabureta, wakaifungua na kuifunga mpaka wakachoka.

Hilari hakuilaumu kabureta.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Hanitaki kwenye hii barabara. Nyie mafundi mtafungua sana, lakini mimi najua."

Masika ya sabini na sita tairi lilipasuka mahali hapo na gari likapinduka. Hilari alitoka bila hata mchubuko. Cletus, mdogo wake wa tumbo moja na utingo wake, hakutoka. Mama yao alimwambia mara nyingi kwamba si kosa lake, naye kila mara aliitikia ndiyo, mama, bila kumwamini. Kufiwa kunauma. Kufiwa huku wewe ndiye uliyeshika usukani ni uchungu mwingine kabisa.

"Alikuwa anakaa hapo," Hilari alisema, akionyesha kiti cha kushoto. "Mtundu yule! Akiona wasichana tu, ananyoosha mkono juu ya mikono yangu, anabonyeza honi. Kila siku namwambia, 'Utamaliza betri, Cletus!' Anacheka tu." Akacheka kidogo na yeye, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Likizimika tena leo, fundi, funguo namrudishia Kasimiri. Naenda kulima. Siwezi kushindana na marehemu."

Telesphor alimwonea huruma. Aliamini gari linataka vitu viwili tu, moto na mafuta. Mengine alimwachia padri. Akafungua mpira wa petroli: mafuta yakaja. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, Hilari akapiga stata: cheche safi ya buluu. Akarudisha kila kitu, akamwambia Hilari awashe. Injini ikaitika mara moja, jambo lililomkera kuliko yote. Gari bovu halina haki ya kuwaka kirahisi namna ile.

Akasimama akipunga mbung'o kwa kofia, akautazama msalaba. Madereva wote wa barabara ile walikuwa na desturi ya kuwasalimia wenzao waliofia njiani. Ukipita penye msalaba wa dereva au utingo, unapiga honi kidogo, kama mtu anayebisha hodi, ndipo unaendelea. Asiyefanya hivyo husemwa.

Fundi aligutuka. Akaingiza mkono dirishani, akabonyeza kitufe cha honi katikati ya usukani.

Injini ikazimika.

"Washa tena!"

Akabonyeza. Ikazimika tena. Telesphor akaufuata waya wa honi kwa vidole mpaka akaufikia mwisho wake, akatukana kwa Kipimbwe. Huko Tabora walikuwa wameuunga kwenye waya wa koili. Honi kubwa kama ile ikilia, inanyonya umeme wote, plagi zinabaki bila moto.

"Ndugu yangu, marehemu hana neno na wewe!" alisema, amefurahi mpaka anaruka. "Ni hii honi. Ukiibonyeza, injini inakosa moto. Unamsalimia mdogo wako, kumbe unajizimia gari mwenyewe."

"Nikiibonyeza," Hilari alirudia taratibu.

"Eeh. Kwingine ni pori tupu, utampigia nani honi? Ndiyo maana linazimikia hapa tu."

Hilari aliitazama mikono yake. Kisha akautazama msalaba.

"Basi funga vizuri, fundi," alisema. "Tuone."

Telesphor aliuhamisha waya, akaupeleka moja kwa moja kwenye betri, akaukaza kwa koleo. Wakarudi nyuma hadi mwanzo wa mteremko. Fundi akapanda juu ya madigadi yake, tayari anapanga jinsi atakavyowasimulia wale mafundi wawili wa kabureta, na wapi atatua kidogo ili waone aibu.

Msalaba ukakaribia. Honi ikalia. Mara hii haikuwa fupi. Ililia ndefu, ya shangwe, kama gari la harusi linaingia kijijini. Injini haikutetereka. Gari likapita.

Telesphor akapiga ukelele, akageuka kumwonyesha dereva dole gumba. Honi ilikuwa bado inalia. Hilari alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, kwenye ukingo, mbali na kitufe, machozi yanamtiririka, uso ameugeuzia kiti kitupu cha kushoto.

"Utamaliza betri, Cletus," alikuwa akisema, huku akicheka. "Utamaliza betri."