Kipande cha Boga

Nesi alisema tuanze na vyakula vya mtoto kushika mwenyewe: boga, kiazi kitamu, ndizi mbivu. Nikavipanga kwenye sinia mbele ya Balbina, mwanangu wa miezi minane, mwenye jina la marehemu mama yangu.

Mimi, kama watoto wengi wa kijijini kwetu Michenga, nilianza na samaki, perege. Mama alikuwa akibonyeza kila mnofu kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta miba. Kisha ananiambia, "Fumbua mdomo. Hamna mwiba."

Balbina aliipita ndizi. Akaokota kipande cha boga, akakibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, amekikazia macho.

"Kula basi, mama," nikamwambia.

Hakula. Alininyooshea mkono, boga limemjaa vidoleni, mpaka mdomoni kwangu.

Nikafumbua kabla sijaambiwa.