Tonge Mkononi

Mji mzima haukuwa na bingwa wa kompyuta kama Idarusi. Haya, tusizidishe: ni ile nyumba aliyopanga tu, na wapangaji wenzake walikuwa wauza mkaa.

Mchana ule alikuwa kwa kina Zawena, mkekani, mbele ya sinia la pilau. Shangazi yake Zawena ndiye angetoa jibu la posa.

"Kila siku saa saba na nusu unamuuliza mwanangu kama amekula," alisema shangazi. "Unaandika mwenyewe, baba, au una karani?"

"Mwenyewe, shangazi. Kwa mkono wangu huu."

Akauinua, tonge limo, mafuta mpaka kiganjani. Hapo ndipo alipoikumbuka ile programu aliyoiunda imwandikie. Kompyuta aliiacha nyumbani, inawaka. Saa ya ukutani ilibakiza dakika moja.

"Naomba nikanawe."

"Kaa! Hata hujashiba."

Simu ya Zawena ikalia. Shangazi akaichukua, akasoma taratibu: "Zawena wangu, umekula?"

Zawena hakumtazama Idarusi usoni. Aliutazama ule mkono, bado uko juu, punje za wali zikidondoka moja moja mkekani.