Harufu ya Chokaa

Majeshi ya majirani wawili yaliivamia nchi kutoka pande mbili, kila moja na picha kubwa ya mtawala wake, yakakutana katikati ya mji na kukumbatiana. Kisha yakamwita Shebe, fundi chokaa, ayachoree mpaka. Atakayeuvuka ni risasi.

Shebe akaanzia sokoni. Penye kisima aliupinda mstari kidogo, mama mmoja asitengwe na wanawe. Penye tanuri la mikate akaupinda tena. Hakuna aliyemkemea, akadhani hawakuona.

Walipofika mlangoni kwake, jemadari wa kaskazini alitoa kamba.

"Fundi, mkono wako unatetemeka. Hapa tutakusaidia."

Jemadari wa kusini alishika ncha ya pili, akapita nayo ndani hadi uani. Kamba ikanyooka kati ya mkeka wa Shebe na kitanda cha mama yake, kipofu asiyeweza kusimama bila kushikwa.

"Afande, nani atamlisha?"

"Si hao majirani uliowahurumia njiani? Paka!"

Akapaka. Harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani, na mama yake akainua uso, akatabasamu.

"Shebe, baba, unapaka nyumba chokaa! Kumbe kesho sikukuu, nawe kimya! Hebu nishike mkono, nikaoge."

Shebe alikuwa amekwisha kusukumwa upande wa pili, brashi ikimchuruzikia miguuni. Mkono wa mama yake ulipapasa hewani ukimtafuta, ukapita juu ya mstari. Nyuma ya Shebe, askari mmoja alishusha bunduki kutoka begani, akaulenga.